Beki wa Daraja la Nne

Nenda kwenye kijiwe chochote cha mpira, uliza mchezaji mmoja tu wa Trinidad na Tobago, utajibiwa Dwight Yorke kabla hujamaliza swali. Na hapo hapo atatokea mzee wa kukukumbusha kwamba mwaka 1999 Yorke na mshambuliaji mwenzake Andy Cole walikuwa wanapeana pasi bila hata kutazamana. Sawa, Yorke simgusi. Lakini goli lililowapeleka Trinidad kwenye Kombe la Dunia hakulifunga yeye. Yeye alipiga kona. Aliyefunga ni beki wa kati, mtu wa mita mbili na ushee, ambaye wakati huo alikuwa mwajiriwa wa Wrexham, timu iliyokuwa daraja la nne kwenye ligi za England. Jina lake Dennis Lawrence.

Nimemchagua kwa sababu kila dirisha la usajili likifunguliwa nasikia hoja ileile kwenye simu zenu: kijana akifika miaka 25 hajatoka nje, huyo basi tena, amebaki wa hapa hapa. Wakala hamtaki, klabu hazimtaki. Lawrence aliondoka kwao akiwa na miaka 26.

Alizaliwa Port of Spain, Agosti 1, 1974. Mpira wake wa nyumbani aliuchezea Defence Force, timu ya jeshi. Timu za namna hiyo sisi tunazijua: Prisons ya Mbeya, JKT, Ulinzi Stars ya Kenya, APR pale Kigali. Mazoezi ya alfajiri, nidhamu ya kambi, mshahara mdogo lakini wa uhakika. Na Defence Force si timu ya kubeza, maana imewahi kubeba ubingwa wa klabu wa CONCACAF mara mbili, mwaka 1978 na 1985. Lakini ndugu yangu, ubingwa huo hauji na wasaka vipaji kutoka Ulaya. Unaweza kuwa beki bora wa kisiwa kizima na dunia isijue kama upo.

Machi 2001 Wrexham wakamnunua kwa pauni laki moja. Hawakumwokota gizani. Walikuwa tayari na Watrinidad wawili, Carlos Edwards, winga ambaye naye alitokea Defence Force, na mshambuliaji Hector Sam. Wrexham ni klabu ya Wales kaskazini inayocheza kwenye ligi za England. Siku hizi mnaijua kwa sababu waigizaji wawili wa Hollywood waliinunua mwaka 2021 na kuitengenezea vipindi vya televisheni. Enzi za Lawrence hakukuwa na kamera. Kulikuwa na mvua.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo mashabiki wetu hulisahau wanapouliza kwa nini kisiwa kile kilijaza wachezaji Uingereza na sisi hatukuwa na hata mmoja. Mchezaji asiye na pasipoti ya Ulaya alihitaji kibali cha kazi, na kibali kilikuwa na masharti mawili makubwa: nchi yake iwe ndani ya 70 bora kwenye orodha ya FIFA, na yeye mwenyewe awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa kwa miaka miwili iliyotangulia. Trinidad, nchi ya watu kama milioni moja na laki tatu, Juni 2001 ilikuwa ya 25 duniani. Taifa Stars wakati huo 70 bora ilikuwa inaisikia redioni. Kwa hiyo hata angekuwepo beki mzuri kuliko Lawrence pale Morogoro au Kigoma, klabu ndogo ya Wales isingeweza kumchukua. Wenzetu wa Kenya waliuonja ukali wa masharti hayo Januari 2010, Manchester City walipomtaka McDonald Mariga kutoka Parma. Mambo yakaingia mpaka kwa wanasiasa, kibali kikakwama, Mariga akaishia Inter Milan. Msimu uleule Inter wakawa mabingwa wa Ulaya, kwa hiyo sidhani kama alilia sana.

Turudi kwa beki wetu. Daraja la nne na la tatu la Uingereza ni chuo kigumu kwa mtu wa nafasi yake. Mpira mrefu unakuja juu, mshambuliaji ana kiwiko, uwanja ni tope tangu Novemba mpaka Machi, na mechi ni mbili kwa wiki. Wengi wanadhani mtu wa mita mbili anacheza kwa urefu tu. Si kweli. Mrefu akigeuka anachelewa, na winga mfupi mwenye kasi ndiye adui yake. Ili abaki uwanjani lazima asome mpira kabla haujapigwa, asimame pale utakapoangukia, na awapange wenzake kwa mdomo. Lawrence alijifunza hayo Wrexham kwa zaidi ya miaka mitano. Msimu wa 2002/03 walipanda daraja. Aprili 2005 timu ilitwaa kombe la klabu za madaraja ya chini kule Cardiff kwa kuwafunga Southend 2-0 katika muda wa nyongeza. Na msimu uleule wakashuka, maana klabu ilikuwa imeingia chini ya usimamizi wa wafilisi kwa madeni na kunyang'anywa pointi 10. Kombe mkononi, daraja limekwenda. Ndiyo sababu mwisho wa mwaka 2005, alipoitwa timu ya taifa kwa mechi kubwa kuliko zote, alikuwa beki wa daraja la nne.

Ili uelewe uzito wa mechi hiyo, lazima ujue vidonda vya Trinidad. Cha kwanza ni cha mwaka 1973, kule Haiti, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia la 1974. Trinidad walifungwa na wenyeji 2-1, na mwamuzi akawakatalia mabao manne. Manne! Mpaka leo ukitaja mechi hiyo mbele ya mzee wa Port of Spain, jiandae kukaa. Haiti ndio waliokwenda Ujerumani Magharibi.

Cha pili ndicho kilichouma zaidi. Novemba 19, 1989, uwanja wa taifa Port of Spain umejaa kupita kiasi, tiketi zimeuzwa kuliko viti, watu wamevaa nyekundu kuanzia kofia mpaka viatu. Trinidad wanahitaji sare tu dhidi ya Marekani. Sare, nyumbani! Timu ile ina vijana wawili, Russell Latapy na Dwight Yorke aliyekuwa ametimiza miaka 18 majuzi tu. Ikatokea Paul Caligiuri wa Marekani akapiga mpira wa mbali, ukajikunja, ukazama. Moja bila. Marekani wakaenda Italia baada ya kusubiri miaka 40, Trinidad wakarudi nyumbani. Lawrence alikuwa na miaka 15.

Kampeni ya 2006 nayo ilianza vibaya. Katika mechi tatu za kwanza za hatua ya mwisho Trinidad walipata pointi moja, na moja ya vipigo ilikuwa 5-1 ugenini Guatemala. Kocha mzalendo Bertille St. Clair akaondolewa, akaletwa Leo Beenhakker, Mholanzi aliyewahi kuifundisha Real Madrid. Oktoba 12, siku ya mwisho, walihitaji kuwafunga Mexico, wakawafunga 2-1 kwa mabao ya Stern John. Nafasi ya nne. Hiyo ikawapa mechi mbili za mchujo dhidi ya Bahrain.

Mechi ya kwanza, Port of Spain, ikaisha 1-1. Bahrain walitangulia, Chris Birchall akasawazisha. Huyu Birchall ni mzungu wa Stafford, England, mama yake ndiye wa Trinidad, na alikuwa mchezaji wa Port Vale. Lakini sare nyumbani kwa hesabu za mchujo ni hasara. Bahrain walikuwa na goli la ugenini mfukoni, na suluhu ingewatosha. Nasikia hata wenyeji wa Manama walikwisha kuanza kuzungumza habari za Ujerumani.

Novemba 16, 2005, mechi ya marudiano, ugenini. Dakika nne baada ya mapumziko Trinidad wakapata kona. Yorke akaenda kupiga. Sasa, wewe ukiwa mlinzi wa Bahrain, kwenye eneo lako la hatari amesimama jitu la mita mbili na sentimita moja, unafanya nini? Unamshika jezi, unamkanyaga, unaomba Mungu. Lawrence akatangulia, akapanda juu kuliko kila mtu, akaupiga kichwa ukazama nyavuni. Moja bila. Goli la mtu ambaye kazi yake ni kuzuia magoli.

Halafu kukabaki dakika arobaini na moja na nyongeza. Mimi, msikilizaji, nadhani kazi yake halisi ilikuwa hizo. Goli ni sekunde moja ya ujasiri. Kukaa dakika arobaini ukijua kosa lako moja litawarudisha watu wote wale kwenye msiba wa 1989, hiyo ndiyo kazi ya beki, na haionyeshwi kwenye vipande vya dakika mbili mnavyotumiana kwenye simu. Dakika za lala salama Bahrain waliutia mpira wavuni, mwamuzi Oscar Ruiz wa Colombia akalikataa goli, kwa kuwa mchezaji wao aliugusa mpira wakati kipa Kelvin Jack anataka kuupiga. Uwanja ukachafuka, vitu vikarushwa. Lakini filimbi ya mwisho ikalia, na nchi ndogo kuliko zote zilizowahi kufuzu mpaka siku hiyo ikawa imefuzu. Waziri Mkuu Patrick Manning akatangaza kesho yake sikukuu. Ilikuwa imepungua siku tatu tu kutimia miaka 16 tangu goli la Caligiuri. Yorke na Latapy, wale vijana wawili, wote walikwenda Ujerumani, mmoja na miaka 34, mwingine 37.

Kikosi cha Beenhakker ukikisoma kilikuwa kama kondakta anataja vituo: Port Vale, Gillingham, Luton, Falkirk, Dundee, St Johnstone, Wrexham. Alikuwemo pia Marvin Andrews wa Rangers, beki mwenzake Lawrence, mlokole aliyekataa upasuaji wa goti kwa kuamini Mungu atamponya, na akaendelea kucheza mpaka Rangers wakachukua ubingwa wa Scotland mwaka 2005. Hiyo nayo ni hadithi ya jioni nyingine.

Juni 10, 2006, Dortmund. Sweden wana Zlatan Ibrahimović, Henrik Larsson na Freddie Ljungberg. Kipa Jack anaumia akipasha misuli, anaingia Shaka Hislop. Mwanzoni mwa kipindi cha pili beki wa kushoto Avery John anapewa kadi ya pili ya njano, wanabaki kumi. Kocha mwingine angeongeza beki. Beenhakker akaingiza mshambuliaji, Cornell Glen, na Glen nusura auwe mchezo, mpira wake ukagonga mtambaa panya. Nyuma Lawrence na Brent Sancho walicheza mechi ya maisha yao. Sancho alikuwa wa Gillingham, daraja la tatu. Daraja la tatu na la nne wakawafungia mlango Ibrahimović na Larsson kwa dakika tisini. Suluhu.

Siku tano baadaye, Nuremberg, England nao waligonga mlango mpaka dakika ya 83. Beckham akapiga krosi, Peter Crouch akaruka juu ya Sancho akafunga, na picha za marudio zikaonyesha mkono wa Crouch umeshika rasta za Sancho. Mwamuzi hakuona. Steven Gerrard akaongeza la pili dakika za nyongeza. Mechi ya mwisho na Paraguay, kule Kaiserslautern, maskini Sancho akajifunga, ikaisha 2-0. Pointi moja, goli hakuna. Kwa wanaohesabu, si kitu. Mimi nahesabu dakika 173 za kwanza za Kombe lao la Dunia bila kufungwa. Sancho, kama mnapenda kujua, baadaye alikuwa waziri wa michezo wa nchi yake mwaka 2015.

Fedha ziliharibu ladha, kama kawaida ya mpira wa nchi zetu hizi. Wachezaji waliahidiwa sehemu ya mapato ya Kombe la Dunia, wakapewa kidogo mno, na kundi lao likalishtaki shirikisho mpaka kwenye usuluhishi London, likashinda mwaka 2008, likaendelea kudai kwa miaka. Nyuma ya shirikisho hilo alikuwepo Jack Warner, ambaye FIFA ilimfungia maisha mwaka 2015. Sina la kuongeza.

Lawrence yeye aliendelea na kazi. Agosti 2006 Swansea walimchukua kwa pauni 75,000, pungufu ya bei ya Wrexham, ingawa sasa alikuwa mtu wa Kombe la Dunia mwenye miaka 32. Pale akakutana na kocha kijana wa Kihispania, Roberto Martínez, na mwaka 2008 wakawa mabingwa wa daraja la tatu, na mfungaji wao mkuu akiwa Mtrinidad mwingine, Jason Scotland. Akamalizia Crewe. Timu ya taifa aliichezea karibu mechi 90. Kisha Martínez, aliyekuwa amehamia Wigan, akamwita kwenye benchi lake la ufundi. Naona Martínez alikwisha kumjua kama beki anayewapanga wenzake. Mei 2013 Wigan wakawafunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la FA, Wembley, kwa kichwa cha Ben Watson dakika za nyongeza. Mpira ulitoka kona, msikilizaji. Siku tatu baadaye wakashuka daraja. Huyu bwana kombe na kushuka vinamfuata pamoja. Martínez akaenda naye Everton.

Januari 2017 Trinidad ilikuwa imebaki bila kocha. Mbelgiji Tom Saintfiet, ndiyo, Saintfiet huyu huyu aliyewapa Yanga Kombe la Kagame mwaka 2012, alikaa wiki chache tu akajiuzulu. Wakamwita Lawrence. Aliichukua timu iliyoanza hatua ya mwisho kwa vipigo viwili, akaifunga Panama 1-0, halafu ikapoteza mechi sita mfululizo. Oktoba 10, 2017, ilikuwa mkiani, imeshatolewa, na mgeni wa mechi ya mwisho ni Marekani. Safari hii Marekani ndio waliohitaji sare tu. Uwanja wa Ato Boldon, pale Couva, ulikuwa umejaa maji jana yake, na wageni walilalamika sana. Watazamaji walikuwa wachache. Omar Gonzalez wa Marekani akajifunga dakika ya 17. Beki wa kulia Alvin Jones, beki tena, akaachia shuti la mbali sana likazama kona ya juu. Pulisic akarudisha moja. Ikaisha 2-1, Panama na Honduras wakashinda mechi zao usiku huohuo, na Marekani ikakosa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1986. Tangu Caligiuri, yaani, hawakuwa wamekosa hata moja.

Wapo waliotaka nimpambe Lawrence kama kocha mkubwa. Hapana. Kombe la Dhahabu la 2019 Marekani walimlipa 6-0, na Desemba mwaka huo kazi ikaisha. Kama kocha mkuu alikuwa wa kawaida, na timu aliyopewa ilikuwa imechoka. Kama beki, ni jambo jingine.

Na ile rekodi ya nchi ndogo iliondoka mikononi mwa Trinidad mwaka 2017, ilipokwenda kwa Iceland. Novemba 18, 2025 ikarudi Karibea: Curaçao, watu kama 156,000, walitoka suluhu na Jamaica mjini Kingston wakafuzu. Kocha wa Jamaica, Steve McClaren, alijiuzulu usiku uleule. Mwaka 2006 alikuwa kwenye benchi la England pale Nuremberg, msaidizi wa kocha mkuu Eriksson. Ila kikosi cha Curaçao kina tofauti moja ambayo ningependa mnipigie simu tuijadili. Karibu wote wamezaliwa na kukulia Uholanzi, wamepita vituo vya vijana vya Uholanzi, wana pasipoti ya Uholanzi. Kijana wa kisiwani anayecheza timu ya jeshi mpaka miaka 26, halafu anachukuliwa na klabu ya daraja la chini Uingereza, leo atahesabiwa pointi za kibali chini ya utaratibu mpya uliokuja baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya: mechi za taifa kiasi gani, ligi anayotoka ina uzito gani. Ligi ya Trinidad haina uzito. Ya kwetu imeanza kupata jina kule Afrika, kwa sababu ya Simba na Yanga. Namba za simu mnazo, na tafadhali anayepiga atuambie kwanza ni beki gani wa ligi yetu, mwenye zaidi ya miaka 25, angempeleka Wrexham.